"Start" Iko Wapi?

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wengi wakisikia habari hiyo leo hucheka, wakidhani ulikuwa ukali tu wa siasa za wakati ule. Kumbe ndani yake kulikuwa na hesabu. Kompyuta ya kwanza, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye hesabu za serikali zikahamishiwa kwenye mashine kubwa zaidi za ICL, na huko zikavurugika. Waliojua kuzitengeneza walikuwa wageni, vipuri vilitoka ng'ambo, na vyote viwili vililipiwa kwa fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Marufuku hiyo ilikuja kulegea katika miaka ya 1980. Ilipofika katikati ya miaka ya 1990 ndipo kompyuta zikaanza kuonekana mitaani Dar es Salaam, nje ya benki, wizara na mashirika ya umma.

Naianzia historia ya eneokazi la Linux hapo, ingawa mwaka huo wa 1974 Linus Torvalds, aliyekuja kuanzisha mfumo huo wa kompyuta, alikuwa mtoto wa miaka 4 huko Finland na jina la Linux halikuwa limezaliwa. Marufuku ile ndiyo iliyoamua mtu wa Dar es Salaam angekutana na kompyuta ikiwa na sura gani. Waliozizoea mashine hizi tangu miaka ya 1970 walipitia sura nyingi: skrini nyeusi ya amri, Macintosh ya mwaka 1984, mashine za Unix za vyuo vikuu zenye madirisha ya kila namna. Sisi tuliyaruka yote hayo. Kompyuta ya mtaani ilitufikia na sura moja tu, ile ya Windows 95, ikafuatiwa na 98, ikafuatiwa na XP iliyokaa muda mrefu kuliko zote. Kitufe cha Start chini kushoto, saa chini kulia, na katikati yake upau unaoonyesha madirisha yaliyofunguliwa. Kwa mtu wa Keko hiyo haikuwa programu moja kati ya nyingi. Ndiyo ilikuwa kompyuta yenyewe.

Keko iko Temeke, kusini mwa Barabara ya Nyerere ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road. Nje ya Temeke inajulikana kwa mambo mawili, samani na gereza. Wenyeji wanaijua kwa vipande vyake: Keko Magurumbasi, Keko Machungwa, Keko Mwanga, Keko Juu. Jirani yake ni Chang'ombe, penye chuo cha ufundi cha VETA na kilichokuwa chuo cha ualimu, ambacho mwaka 2005 kiligeuzwa kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, DUCE. Mahali penye wanafunzi, mafundi na watu wanaotafuta ajira panahitaji karatasi: barua za maombi ya kazi, ripoti za mafunzo kwa vitendo, ankara ya makochi ya ofisi fulani, fomu ya mkopo. Ndiyo maana steshenari ni nyingi. Ukiingia nyingi kati yake utakuta chumba kimoja, kompyuta moja au mbili za mtumba, printa, mashine ya kutoa kopi, dada mmoja anayechapa, na foleni.

Wanaoandika kuhusu urahisi wa kutumia kompyuta huwaza mtu mmoja aliyekaa peke yake mbele ya mashine yake. Steshenari ya Keko haina mtu huyo. Mashine ile inaguswa na mwenye duka, dada wa zamu, kaka wa zamu ya jioni, na wateja wanaosema "acha nichape mwenyewe nipunguze gharama". Kila anayekaa anategemea vitu viwe pale alipoviacha, na pale alipovikuta kwenye duka la jirani. Hiki ndicho kipimo nitakachokitumia, na nakiri kwamba wabunifu wa Linux hawakukiwaza hata siku moja.

Tarehe 14 Oktoba 1996 mwanafunzi wa Kijerumani wa Chuo Kikuu cha Tübingen, Matthias Ettrich, alitangaza mradi aliouita KDE. Wakati huo Linux ilikuwa na umri wa miaka 5. Ilikuwa imara kwa kuendeshea seva, lakini aliyeifungulia madirisha alikuta kila programu na sura yake: vitufe vya hii vya mraba, vya ile vya duara, hii inafungwa kwa namna moja na ile kwa namna nyingine. Ettrich alitaka eneokazi zima liwe kitu kimoja kinachoeleweka kwa mtu asiye mtaalamu. KDE 1.0 ilitoka Julai 1998, ikiwa na menyu yenye herufi K chini kushoto na upau wa kazi. Aliyetoka kwenye Windows 95 angeweza kuikalia na kufanya kazi, na hilo halikuwa jambo la bahati.

Tatizo lilikuwa leseni. KDE ilijengwa juu ya Qt, maktaba ya kampuni ya Trolltech ya Norway, ambayo wakati huo haikuwa huria kikamilifu. Kwa watu ambao maana nzima ya kazi yao ilikuwa uhuru wa programu, hiyo ilikuwa dosari isiyovumilika. Agosti 1997 Wamexico wawili, Miguel de Icaza na Federico Mena, wakaanzisha mradi wa pili, GNOME, wakitumia GTK, maktaba iliyotokana na programu ya kuchorea picha ya GIMP. Trolltech ilikuja kuiweka Qt chini ya leseni ya GPL mwaka 2000, lakini kambi mbili zilikuwa zimeshasimama, kila moja na watu wake na fahari yake. Ugomvi wa leseni ukageuka kuwa ugomvi wa mitazamo juu ya mtumiaji.

Tofauti yao ni rahisi kuieleza kwa mtu wa Keko. Kitanda hapa kinanunuliwa kwa njia mbili. Unaweza kwenda kwa fundi, ukamwonyesha picha kwenye simu, naye akaanza kukuuliza: mninga au mkongo? Futi tano kwa sita au sita kwa sita? Droo upande mmoja au pande zote? Kichwani uweke sponji au mbao tupu? Au unaweza kusimama kando ya barabara, ukakiona kitanda kimeshapakwa vanishi, ukalipa na kukipakia kwenye kirikuu. KDE ni fundi anayeuliza. Kila kitu kina mpangilio wake, na mpangilio una mipangilio ndani yake. GNOME ya awali nayo iliuliza maswali mengi, tena mengine ya ajabu, lakini kuanzia mwaka 2002 ikaamua kuuza vitanda vilivyokwisha kutengenezwa.

Kilichoigeuza ni jaribio. Kampuni ya Sun Microsystems iliamua mwaka 2000 kuichukua GNOME kwa mashine zake, na kabla ya kuwapa wateja ikawakalisha watu 12 mbele ya GNOME 1.4, ikawapa kazi za kawaida na kuwatazama. Ripoti iliyotoka mwaka 2001 haikupendeza kusomwa. Watu walikwama kwenye majina yaliyoeleweka na waliolitengeneza eneokazi hilo tu, na walipewa uchaguzi mwingi pale walipotaka jambo moja lifanyike. GNOME 2.0 ilipotoka Juni 2002 mipangilio mingi ilikuwa imefyekwa, na mradi ukawa na mwongozo wa maandishi unaosema kitufe kikae wapi na ujumbe wa kosa uandikwe vipi. Watumiaji wa zamani walilalamika kwamba wanafanywa wajinga. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora kuwahi kufanywa katika historia hii yote, kwa sababu ulifanywa baada ya kumtazama mtumiaji akihangaika. Miaka 9 baadaye mradi huohuo ungeamua tena, safari hii kwa kujiamini zaidi kuliko ushahidi uliokuwapo.

Linux ilivuka kutoka vyuoni kuingia mitaani mwaka 2004. Oktoba ya mwaka huo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa toleo la kwanza la Ubuntu, likiwa na GNOME yenye rangi ya udongo. Alichofanya Shuttleworth ambacho wengine hawakukifanya ni kulipa posta. Ungejaza anwani yako, na baada ya majuma kadhaa bahasha yenye CD ingefika kwenye sanduku lako la posta bila malipo, popote duniani. Kwa nchi iliyokuwa ikipata intaneti kwa setilaiti, ambako kupakua megabaiti 700 kungemaliza bajeti ya ofisi, bahasha ile ilikuwa na maana kubwa kuliko kitufe chochote. Kebo ya intaneti ya SEACOM ilifika Dar es Salaam Julai 2009. Kabla yake, CD ya Ubuntu ilizunguka mkono kwa mkono, ikakopiwa na kukopiwa tena, wino wa kalamu ukieleza toleo.

Desemba ya mwaka huohuo wa 2004, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Mradi wake uliitwa Kilinux, ukifanywa kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Sweden, na nia yake ilikuwa pana kuliko programu moja. Waliketi, wakatunga istilahi kwa mamia, wakazigawia menyu, kisha wakazitoa bure. Muda si mrefu Microsoft nayo ikatoa vifurushi vya Kiswahili vya Windows XP na Office. Mojawapo ya kampuni tajiri kuliko zote duniani ikajikuta uwanja mmoja na idara ya chuo kikuu.

Lakini eneokazi zima la Linux kwa Kiswahili halikufika mahali pa kutumiwa kila siku steshenari. Sitawalaumu waliojaribu. Dada wa steshenari alijifunza kazi kwa Kiingereza kilichoandikwa kwenye menyu, si kwa kukielewa bali kwa kukumbuka mahali kilipokaa. Ukimbadilishia neno, hata likiwa la lugha ya mama yake, unamwondolea alama ya njiani. Kiswahili kingekuwa cha kwanza kufika kingeshinda bila jasho. Kilikuja cha pili, kikamkuta mtu ameshazoea.

Hebu tuiweke basi Ubuntu ya mwaka 2006 au 2007 juu ya meza ya steshenari. Mashine ni Pentium 4 ya mtumba yenye RAM ya megabaiti 256, ama 512 kama mwenye duka alijibana. GNOME ya wakati ule ilikuwa na pau mbili, juu na chini, na menyu iliyogawa mambo vizuri: programu, mahali, mfumo. Haikufanana na Windows, ila ilieleweka kwa siku moja. Mteja angekaa na kuuliza, "Dada, Start iko wapi?" naye dada angejibu bila kuinua macho, "Juu hapo, kaka, kushoto." Mambo yakaisha. Sehemu hiyo, ambayo wachambuzi wa Ulaya na Marekani waliiandikia kurasa nyingi, Keko haikuwa tatizo.

Matatizo yalikuwa kwingine kabisa. La kwanza ni muziki. Ubuntu haikuja na uwezo wa kupiga MP3, kwa sababu MP3 ilikuwa na hataza na wenye Ubuntu hawakutaka kesi. Ili upate uwezo huo ulihitaji kuunganisha intaneti na kupakua. Sasa fikiria jiji ambalo Bongo Fleva imelijaa kila kona, watu wanakuja na CD na flashi wakitaka nyimbo, na kompyuta yako mpya inakwambia haiwezi. Mwenye duka hatakuuliza habari za hataza. Ataita fundi ampigie Windows. Clement Lefebvre, Mfaransa aliyeanzisha Linux Mint mwaka 2006, alipata wafuasi wake wengi wa mwanzo kwa kuweka vitu hivyo ndani tayari. Hataza za MP3 zilikuja kwisha mwaka 2017, wakati tayari watu wanasikiliza muziki kwenye simu.

La pili ni intaneti yenyewe. Zilipokuja modemu za USB za mitandao ya simu, programu yake ilikuwa ndani ya modemu, ikijifungua yenyewe kwenye Windows. Kwenye Linux ulibaki na kijiti kinachowaka taa bila kazi, mpaka Ubuntu 8.10 ya Oktoba 2008 ilipoleta njia ya kuunganisha kwa kuchagua nchi na kampuni kwenye orodha. Sijawahi kuona makala ya kusifu toleo lile kwa sababu hiyo. Watu walikuwa wakijadili rangi ya ukuta wa skrini.

La tatu ni fomu za Word. Barua ikitoka ofisini ina jedwali, ikifunguliwa kwenye OpenOffice jedwali linahama, mstari wa saini unaangukia ukurasa wa pili. Mteja analipa kwa ukurasa. Hapo hakuna mjadala.

Kulikuwa na jambo moja ambalo kwalo Linux ilishinda waziwazi, na lilienea kwa sifa ya mdomo. Flashi za wateja zilijaa virusi vilivyojifungua vyenyewe kwenye XP, vikificha mafolda na kuacha vivuli vyake. Mwanafunzi anakuja na ripoti ya miezi mitatu kwenye flashi, anaichomeka, ripoti haioni. Ukiichomeka flashi ileile kwenye Linux, mafolda yanaonekana, na virusi vinalala pale kama faili nyingine yoyote, unavifuta kwa mkono. Steshenari zilizokuwa na mashine moja ya Linux pembeni ziliitumia kwa kazi hiyo. Huo nao ni ubunifu, ingawa hakuna mbunifu aliyeukusudia.

Wakati haya yakiendelea Dar es Salaam, Afrika Mashariki iliingia kwenye jaribio kubwa la eneokazi la Linux, tena likiwahusu watoto. Rwanda ilijiunga na mpango wa OLPC wa Nicholas Negroponte, ikagawa katika shule za msingi kompyuta ndogo za kijani na nyeupe, na kwa miaka iliyofuata idadi yake ikapita 200,000. Ndani ya mashine hizo kulikuwa na Sugar, eneokazi lisilofanana na lolote. Halikuwa na folda. Halikuwa na kuhifadhi faili, kwa sababu kila ulichofanya kiliandikwa chenyewe kwenye shajara. Mtoto alijiona katikati ya skrini kama alama ya mtu, akisogea nje anaona rafiki zake, akisogea zaidi anaona ujirani mzima wa mashine zilizo karibu. Kwa fikra, ni kazi nzuri kupita KDE na GNOME pamoja, kwa sababu ilidhani mtumiaji hayuko peke yake.

Ila Sugar ilidhani pia kwamba mtoto hana alichokizoea na hatahitaji kuzoea kingine. Wazazi na walimu walifahamu kwamba ofisi za Kigali zinatumia Word. Mashine za OLPC zilizofuata zikawekewa GNOME pembeni ya Sugar, mtumiaji achague. Katikati ya muongo uliofuata Rwanda ikageukia kompyuta za kawaida zilizounganishwa Kigali na kampuni ya Positivo BGH.

Tukirudi kwa KDE na GNOME, mwaka 2008 ndio mwanzo wa mivunjiko. Januari ya mwaka huo KDE walitoa toleo la 4.0, lililoandikwa upya toka msingi. Lilipendeza machoni na lilianguka kila mara. Baadaye mwaka huo aikoni za eneokazi zikafungiwa ndani ya kisanduku, na waliouliza sababu walijibiwa kwamba ndiyo mtazamo mpya. Torvalds mwenyewe, aliyewahi kuwahimiza watu wazi waitumie KDE, akahamia GNOME. Hakukaa sana.

Halafu ukaja mwaka 2011. Hapa Dar es Salaam unakumbukwa kwa mgawo wa umeme, maji ya bwawa la Mtera yakiwa yamepungua na jenereta zikinguruma mbele ya kila duka lenye uwezo wa kununua petroli. Aprili ya mwaka huo yalitoka maeneokazi mawili mapya ndani ya mwezi mmoja. GNOME 3 iliondoa upau wa madirisha na kitufe cha kupunguza dirisha. Ubuntu, ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa imehamisha vitufe vya kufungia dirisha kutoka kulia kwenda kushoto bila kueleza vya kutosha kwa nini, sasa ikaiacha GNOME ya kawaida na kuleta Unity, yenye safu ya aikoni kubwa upande wa kushoto. Unity ilianza kama sura ya kompyuta ndogo za mkononi, na ilitumia vizuri skrini fupi. Zote mbili zilitaka kadi ya picha yenye nguvu kuliko iliyokuwa ndani ya Pentium 4 za Keko. Bila hiyo ulipewa sura ya akiba.

Kosa ninalolikumbuka kuliko yote ni dogo. Menyu ya GNOME 3.0 haikuonyesha neno la kuzima kompyuta. Ilikupa kulaza tu. Ili uone kuzima ulipaswa kubonyeza kitufe cha Alt, na hakuna palipoandikwa hivyo. Waliobuni waliishi mahali ambapo kompyuta iliyolazwa jioni huamka asubuhi kama ilivyoachwa. Kwenye mgawo, mashine ya mezani iliyolazwa ikikatikiwa umeme hupoteza kila kilichokuwa kimefunguliwa. Kwa mchapaji wa Keko anayefunga duka, kuzima ni sehemu ya kazi, na kitufe chake kilifichwa na watu wenye umeme. Kilirudishwa kwenye toleo la 3.6, Septemba 2012.

Kwa kuwa programu hizi ni huria, walioudhika hawakuishia kulalamika. Mwargentina aliyejulikana kwa jina la Perberos aliichukua GNOME 2 iliyoachwa, akaiendeleza na kuiita MATE, jina la kinywaji cha kwao. Lefebvre wa Linux Mint akajenga Cinnamon juu ya sehemu za GNOME 3, akirudisha menyu chini kushoto na upau wa madirisha. Torvalds alikimbilia Xfce, kazi ya Olivier Fourdan ambayo ilianza mwaka uleule wa KDE, 1996, na haikuwahi kuona aibu kubaki kama ilivyo. Kutoka Taiwan kulikuwa na LXDE ya Hong Jen Yee, iliyoanza mwaka 2006, nyepesi kiasi cha kuikimbiza mashine ambayo Windows mpya imeikataa. Lubuntu iliyoitumia ilikubaliwa rasmi katika familia ya Ubuntu mwezi Oktoba 2011.

Ukiyatazama hayo manne kwa macho ya wachambuzi wa magazeti ya teknolojia ya wakati ule, ni ya kurudi nyuma. Ukiyatazama kutoka steshenari, ni ya kwanza kumheshimu mtu aliyekwisha kujifunza. Nani aliyewahi kuulizwa Keko kama upau wa chini unamchosha?

Microsoft nao walipata somo hilohilo kwa gharama kubwa zaidi. Windows 8 ya mwaka 2012 iliondoa kitufe cha Start, na makelele yaliyofuata yalifanya kirudi mwaka mmoja baadaye. XP yenyewe ilikomeshwa Aprili 2014, lakini mitaani iliendelea kupigwa kwenye mashine za mtumba kwa miaka mingine kana kwamba hakuna kilichotokea. Mshindani wa Linux hapa ni kopi ya Windows isiyolipiwa, inayopatikana kwa bei ya nauli na soda. Hoja ya kwamba Linux ni bure haina uzito mahali ambapo na nyingine ni bure kwa namna yake.

Aprili 2017 Shuttleworth alitangaza kwamba Unity inaachwa. Oktoba ya mwaka huo Ubuntu ikarudi kwenye GNOME, iliyokuwa imekomaa kidogo, na kwenye toleo hilohilo ikaacha kutoa diski za kompyuta za biti 32. Uamuzi wa kwanza uliandikwa kila mahali. Wa pili ndio uliozigusa Pentium 4 ambazo bado zilikuwa zinachapa CV.

KDE nayo ilijirekebisha polepole. Plasma 5 ya mwaka 2014 ilitulia, na Plasma 6 ya Februari 2024 ni eneokazi ambalo mtumiaji wa Windows 10 anaweza kulikalia bila kuuliza kitu. Siku hizi pia linatumia kumbukumbu kidogo kuliko wengi wanavyodhani kwa sifa zake za zamani. Fundi bado anauliza maswali, ila sasa unaruhusiwa kutomjibu.

Hapa lazima niseme jambo linaloivuruga hoja yangu mwenyewe. Vijana wanaoingia VETA na DUCE sasa hawakulelewa na Windows. Walilelewa na Tecno, Infinix na itel, simu za Android, na chini ya Android kuna Linux. Wamezoea aikoni zilizopangwa safu safu, kutafuta kwa kuandika, na programu moja kujaza skrini nzima. Nimewaona wakiikalia GNOME ya sasa, ile ya kuanzia toleo la 40 la Machi 2021, wakaielewa upesi kuliko mwalimu wao. Wanachokwama nacho ni kile kilichokuwa rahisi kwetu: folda ndani ya folda, na faili uliyoihifadhi iko wapi. Wabunifu wa mwaka 2011 hawakukosea kuhusu dunia inakoelekea. Walikosea kuhusu nani amekaa kwenye kiti siku ile, na gharama ya kumwinua.

Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele. Sehemu kubwa ya Dell OptiPlex na HP za mtumba zinazouzwa Kariakoo na kuishia meza za Keko ni za kizazi cha nne, cha sita, cha saba. Jamii ya KDE iliiona nafasi hiyo, ikashiriki kampeni ya kuwahimiza watu waweke Linux badala ya kutupa mashine. Ulaya kampeni kama hiyo inazungumza habari ya taka za kielektroniki. Hapa mashine haitupwi kwa sababu ya masasisho, maana wengi hawakuwahi kuyapokea: bando ni ghali, na jambo la kwanza fundi analofanya akimaliza kupiga Windows ni kuyazima.

Ukiniuliza nikuwekee ipi dukani kwako, nitakuuliza kwanza nani anachapa. Kama ni dada aliyeanza kazi enzi za XP, Mint yenye Cinnamon, na RAM ikiwa chini ya gigabaiti 4, Xfce. Kama ni kijana wa simu, GNOME, na umwonyeshe folda. Fomu za serikali siku hizi zinajazwa zaidi kwenye kivinjari, na kivinjari ni kilekile kwenye zote. Printa ndiyo ya kujaribu kabla hujalipa.